Fumbo Halimfichi Mpiga Simu

Katika vituo vya kununulia majani ya chai vilivyotapakaa kandokando ya Nyansiongo, mkulima anaposubiri zamu yake ya kupimiwa majani na simu yake ikalia, hutokea jambo ambalo mwanaisimujamii yeyote angependa kulisikiliza. Ikiwa anayempigia ni mchuuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Sotik, mazungumzo huendelea kwa Kiswahili, kwa kuwa mmoja ni Mgusii na mwenzake ni Mkipsigisi. Ikiwa ni ndugu yake aliyeko Keroka, huhamia Ekegusii. Na jambo likiwa zito, mathalan deni, kesi ya shamba au siasa za uteuzi, hujitenga na wenzake hatua chache, hupunguza sauti na kusema kwa mafumbo: ule mzigo, yule mtu wetu, kule tulikokuwa juzi. Akimaliza hurejea kwenye foleni akiwa na utulivu wa mtu aliyejisitiri.

Utulivu huo una asili yake. Waswahili na majirani wao wa bara wamelelewa katika imani kwamba siri ya mtu imo katika maneno yake, na kwamba anayeyamudu maneno humshinda anayetega sikio. Fasihi ya Kiswahili imeitukuza imani hiyo kwa karne nyingi, na pengine hakuna kisa kinachoidhihirisha kuliko kile cha Fumo Liyongo, shujaa ambaye Muhamadi Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913. Liyongo akiwa kifungoni, tena walinzi wakiwapo, alimtuma kijakazi Saada kwa njia ya wimbo amwambie mama yake aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi waliusikia wimbo ule kama alivyousikia Saada. Mkate ulipoletwa waliudharau, wakamwachia mfungwa, naye akaikereza minyororo huku ngoma ya gungu ikivuma nje. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anakijua kisa hiki, na aghalabu msimulizi hucheka mwenyewe anapofika kwenye ule mkate.

Basi na ichukuliwe kwamba walinzi wale hawakuujali wimbo hata chembe. Ichukuliwe kwamba badala ya masikio walikuwa na daftari, nao waliandika humo mambo machache tu: Saada amefika gerezani alasiri, amekaa kitambo kirefu kuliko jana, ametoka moja kwa moja hadi nyumbani kwa mama yake Liyongo, mama yake Liyongo, ambaye hajawahi kuwa na haja na mhunzi, ametuma mtu kwa mhunzi jioni ile ile. Wimbo wenyewe ungaliweza kuimbwa kwa lugha ya majini, na bado Liyongo asingalitoka kifungoni.

Daftari la namna hiyo ndilo linaloandikwa leo kuhusu mawasiliano ya simu, na ndilo ambalo mjadala wa udukizi wa serikali nchini Kenya umekuwa ukilikosa. Swali linaloulizwa na wengi ni hili: je, serikali inasikiliza simu za watu? Swali hilo limechelewa. Kila simu inapopigwa, mitambo ya kampuni huweka kumbukumbu ya nambari iliyopiga, nambari iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo na mnara uliohudumia simu hiyo. Kumbukumbu hizo zinahitajika kwa ajili ya kumtoza mteja, na kwa hiyo zipo hata kama hakuna jasusi hata mmoja ulimwenguni. Lakini anayezipata kwa wingi, za watu wote na kwa miezi mingi, anajua nani ni rafiki wa nani, nani alilala wapi, nani alimpigia wakili kabla ya alfajiri na nani aliacha ghafla kumpigia mkewe. Lugha iliyozungumzwa haimhusu. Ekegusii, Kiswahili na Sheng kwake ni sawa. Naam, hata kimya ni sawa, kwa maana simu iliyowashwa hujitambulisha kwa minara iliyo karibu nayo bila ya mwenyewe kuigusa.

Kwamba Wakenya wamepata kuandikwa katika daftari la aina hiyo si tetesi za sokoni. Mnamo tarehe 19 Mei 2014 chombo cha habari cha Marekani kiitwacho The Intercept kilichapisha taarifa iliyotokana na nyaraka alizozifichua Edward Snowden, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni iliyolifanyia kazi Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba shirika hilo lilikuwa na mpango wa siri ulioitwa MYSTIC. Katika visiwa vya Bahama, mpango huo ulinasa na kuhifadhi sauti za takriban simu zote za mkononi zilizopigwa. Katika Mexico, Ufilipino na Kenya ulikusanya zile kumbukumbu. Sehemu ya Kenya ilikuwa na jina lake la siri, DUSKPALLET. Yamkini msomaji wa Nairobi aliyeisoma taarifa ile alijiliwaza kwamba afadhali Kenya kuliko Bahama, kwa kuwa sauti za Wakenya hazikutajwa. Liwazo hilo halina msingi, kama daftari la walinzi wa Liyongo linavyoonyesha.

Hayo yalikuwa ya dola ya mbali. Ama kuhusu dola ya nyumbani, mwezi wa Machi 2017 shirika la Privacy International la jijini London lilitoa ripoti iliyodai kwamba maafisa wa ujasusi wa Kenya walikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuingia katika mitandao ya kampuni za simu. Mwezi wa Oktoba 2024, miezi michache baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha na malalamiko ya watu kutekwa nyara, gazeti la Daily Nation lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba vyombo vya usalama vilipata data za wateja wa Safaricom kwa urahisi usiostahili. Kampuni hiyo ilikanusha, ikasisitiza kwamba hutoa taarifa za mteja kwa amri ya mahakama tu. Si kazi ya makala haya kuamua nani mkweli. Linalosikitisha ni kwamba mwananchi wa kawaida hana njia yoyote ya kuamua, kwa sababu anayefuatiliwa hapewi taarifa, si kabla wala baada.

Hapa ndipo wanakiswahili wanapohusika, na si kwa adabu tu ya kuombwa maoni. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya kusikiliza kwa siri. Kipo kitenzi kikongwe, kudukiza, na mwenye tabia hiyo huitwa dukizi. Kuna kudoya, kuna kupeleleza, na ndugu wa Tanzania wana shushushu wao. Vyombo vya habari navyo vimekichukua kitenzi kudukua na kukitwika mzigo wa uvamizi wa kompyuta. Lakini mengi ya maneno haya humchora mtu aliyejibanza nyuma ya ukuta, sikio likiwa limetegwa. Ni vigumu kuona lipi kati yake linalomchora karani anayeandika nani alikwenda kwa nani. Wanahabari wengine husema "rekodi za simu", nalo ni neno linaloleta taswira ya sauti iliyorekodiwa, kwa hiyo linapotosha zaidi kuliko kueleza. Wananchi wasio na neno la jambo hawawezi kulijadili barazani wala kumuuliza mbunge wao.

Istilahi inayoelekea kufaa ni nyayo za simu. Unyayo ni alama anayoiacha mtu bila kukusudia. Hausemi aliyoyanena, ila husema alipopita, na ukiunganishwa na mwingine husema alikokwenda na aliyefuatana naye. Kwa mkulima wa Nyansiongo aliyepata kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa usiku kuelekea mpakani, maana yake ni bayana bila ya kamusi.

Hata hivyo neno hilo lina historia yake nchini Kenya. Rais Daniel arap Moi aliposhika hatamu mwaka 1978 alitangaza siasa ya kufuata nyayo, na jina Nyayo likabandikwa kwenye maziwa ya shule, mabasi, uwanja wa michezo na jumba refu katikati ya Nairobi. Katika vyumba vya chini vya jumba hilo, washukiwa wa kundi la Mwakenya waliteswa katika miaka ya 1980. Katika mateso ya namna hiyo mtesaji hutaka majina: nani alikuwa nawe, mlikutana wapi, nani alikuletea karatasi. Maswali hayo hayo ndiyo yanayojibiwa leo na kumbukumbu za simu, bila ya chumba kilichojazwa maji na bila ya mtu kujua kwamba amehojiwa. Zamani mwananchi aliamriwa afuate nyayo. Sasa nyayo zake mwenyewe ndizo zinazofuatwa. Wapo watakaosema kwamba istilahi yenye uchungu kiasi hicho haifai kusanifiwa. Kinyume chake ndicho kinachoelekea kuwa kweli, maana istilahi nyingi za teknolojia zinazobuniwa maofisini hazimgusi mtu popote, nazo hufia katika orodha zilimochapwa.

Nyansiongo ina sababu yake ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mji huu umo Borabu, katika nyanda za juu zilizokuwa za walowezi wa Kizungu na ambazo Abagusii waligawiwa katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Upande wa pili wa mpaka ni Wakipsigisi wa Sotik. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mpaka huo uliwaka moto. Eneo la soko la Chepilat, ambako watu wa jamii zote mbili walikuwa wakiuziana mboga na mifugo kwa Kiswahili, liligeuka uwanja wa vita, nyumba zikachomwa na watu wakauawa. Katika siku hizo jumbe fupi za chuki zilisambaa nchini kote, kiasi kwamba mnamo Januari 2008 serikali iliwatumia wenye simu ujumbe wa kuwaonya.

Sasa msomaji na awafikirie watu wawili katika usiku mmoja wa wakati ule. Wa kwanza anampigia simu mwenzake wa ng'ambo ya mpaka saa nane za usiku na kumwambia kwa kifupi: amka, chukua watoto, ondoka, wanakuja. Wa pili anampigia mtu wa ng'ambo ile ile, saa ile ile, na kumwelekeza ni nyumba ipi iteketezwe. Asubuhi moshi unaonekana. Katika daftari la nyayo, watu hawa wawili ni pacha: simu fupi, usiku wa manane, kuvuka mpaka, kisha moto. Aliyeokoa hana ushahidi wa wema wake isipokuwa maneno yake, nayo hayakuandikwa. Mpelelezi mwenye haraka, aliyeshinikizwa kuleta majina, atawachukua wote wawili. Na yule wa kwanza akisikia habari hiyo, wakati mwingine hatapiga simu. Yawezekana hilo ndilo hasara kubwa kuliko zote katika eneo la mpakani, ambako amani hutegemea watu wachache wenye uthubutu wa kuzungumza na upande wa pili wakati wenzao wamekataza.

Hatua zilizoifikisha nchi hapa zilikuwa ndogondogo, na kila moja ilikuja na sababu iliyoonekana ya haki. Serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande mnamo mwaka 1920, chenye alama za vidole na orodha ya waajiri, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Sababu iliyotolewa ilikuwa utaratibu wa kazi. (Wakenya wengi bado hukiita kitambulisho chao kipande, nao hawajakosea sana.) Usajili wa laini za simu ulianza mwaka 2010 kwa sababu ya watekaji nyara na matapeli, na laini ambazo hazikusajiliwa zilikatwa kufikia mwanzo wa mwaka 2013. Mwezi wa Januari 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilizitaka kampuni za simu ziruhusu mtambo wake uunganishwe na mitandao yao, na safari hii sababu ilikuwa simu bandia. Okiya Omtatah alikwenda mahakamani. Mwezi wa Aprili 2018 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mpango ule ulikiuka haki ya faragha. Mwezi wa Aprili 2020 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu haikuurejesha. Mwananchi aliyekuwa akifuatilia kesi hii kwa lugha anayoielewa vyema alilazimika kuunga vipande vya habari za redio.

Wanaoutetea udukizi huu wana hoja nzito, na si uungwana kuipuuza, hasa katika jarida la wanafunzi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kabla ya hapo, mwezi wa Septemba 2013, watu 67 walikuwa wameuawa katika jumba la Westgate. Mzazi wa Nyansiongo aliyempeleka mwanawe chuoni ana haki ya kuitaka serikali iwakamate wauaji kabla hawajafika langoni, na akiambiwa kwamba bei ya usalama huo ni nyayo za simu yake, huenda akaona ni bei nafuu.

Lakini kilichokosekana Garissa hakikuwa habari. Onyo lilikuwa limetoka, na vyuo vingine vilikuwa vimekwisha kuwatahadharisha wanafunzi wao siku chache kabla. Kikosi maalumu cha polisi ndicho kilichochelewa kufika kwa saa nyingi. Marekani yenyewe, yenye uwezo kuliko nchi nyingine zote, iliipima biashara hii. Mwezi wa Januari 2014 bodi rasmi ya nchi hiyo inayosimamia faragha na haki za raia iliuchunguza ukusanyaji wa jumla wa kumbukumbu za simu za Wamarekani, nayo haikuona kisa hata kimoja cha tishio ambapo mpango huo ulileta tofauti ya dhahiri katika matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Sheria ya mwaka 2015 ikaukomesha. Mwezi wa Septemba 2020 mahakama ya rufani ya huko, katika kesi ya Wasomali walioishi San Diego na kushtakiwa kwa kuwapelekea Al-Shabaab fedha, ikasema kwamba mpango ule ulikuwa umevunja sheria, ingawa hukumu dhidi yao haikufutwa. Kumfuatilia mshukiwa kwa amri ya jaji ni jambo moja, na pengine hakuna mwenye akili timamu anayelipinga. Kuwaandika watu wote kwanza, kisha kumtafuta mshukiwa miongoni mwao, ni jambo jingine, na ndilo lisilo na ushahidi.

Ipo pia ile kauli ya kwamba asiye na hatia haogopi. Wanaoisema wangeulizwa kama wangekubali daftari lao lisomwe kanisani.

Afrika Kusini imeonyesha kwamba nchi ya Kiafrika yenye uhalifu mwingi inaweza kuchagua vinginevyo. Mnamo tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kikatiba ya nchi hiyo, katika kesi iliyoletwa na kituo cha uandishi wa kiuchunguzi cha amaBhungane, iliamua mambo mawili yenye uzito kwa Wakenya. La kwanza, unasaji wa jumla wa mawasiliano uliofanywa na dola haukuwa na sheria yoyote ya kuuruhusu, kwa hiyo ulikuwa haramu. La pili, mtu aliyefuatiliwa kwa amri ya jaji sharti aarifiwe baadaye, pindi kuarifiwa kwake kusipoharibu tena uchunguzi. Jambo hili la pili ni rahisi kiasi kwamba linashangaza kutokuwapo Kenya. Halimzuii mpelelezi kufanya kazi yake. Linamlazimu tu ajue kwamba siku moja mkulima wa Borabu atapokea barua, naye ataweza kuuliza kwa nini.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilikuja kuipa haki hiyo meno, lakini kifungu chake cha 51 kinaondoa ulinzi huo pale panapohitajika kwa ajili ya usalama wa taifa, na sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza. Katiba iyo hiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Idara za Kiswahili vyuoni zina madarasa ya tafsiri ambayo kila mwaka huwapa wanafunzi matini za mazoezi kuhusu utalii na ufugaji wa nyuki. Kifungu cha 51 ni kifupi. Semina moja ingetosha kukifasiri, pamoja na kifungu cha 31 cha Katiba, katika Kiswahili kinachoweza kusomwa na mtu aliyesimama, na nakala zikabandikwa kwenye vituo vya chai vya Borabu, karibu na mizani, mahali ambapo kila mkulima hutazama. Ubishi wa kwanza semina ikifunguliwa utakuwa juu ya neno nyayo, na wanaolipinga watakuja na hoja zao.